Picha ishirini, vidole gumba vitatu

Swali la msomaji wa Tanga:

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni marafiki kumi na wanne, wengi tulisoma pamoja, na tuna grupu la WhatsApp la picha tunazopiga kwa simu. Hakuna fundi wa studio kati yetu. Kuna bodaboda, kuna walimu wawili, kuna mwenzetu mmoja yupo Muscat kikazi. Mwanzo tulikuwa tunajibizana mpaka usiku. Siku hizi mtu anamwaga picha ishirini, anapata vidole gumba vitatu na kile kimoto, basi. Mwezi uliopita mmoja wetu aliulizwa, 'Ulikuwa umelewa ulipopiga hii?' Watu wakacheka, akajitoa. Mjomba wangu naye yumo, kila jioni anaweka machweo, na hakuna anayethubutu kumwambia kitu. Halafu picha zangu zikifika kwa wenzangu zimefifia, wakati kwenye simu yangu zinang'aa. Tufanyeje grupu lisife? Na je, tufungue ukurasa wa Instagram?"

Marahaba, mwanangu. Hayo ni maswali manne au matano, ila la vidole gumba ndilo limezaa mengine, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Wanaoniletea malalamiko kama yako huanza kwa kulaumu wenzao: hawajali, wana wivu, hawajui picha. Mimi huwaomba wapige hesabu kwanza. Picha ishirini, ukizipa nusu dakika kila moja, ni dakika kumi za kutazama tu, kabla mtu hajaandika neno. Nani ana dakika kumi saa mbili usiku, chakula kiko jikoni na bando linakaribia kwisha? Anapitisha kidole, anaacha gumba, ametimiza adabu. Lile gumba ni salamu, maana yake nimepita nimeona, na hana kosa kwa kutoa salamu. Kosa liko kwa aliyetuma ishirini. Kulikuwa na kazi yake pale, kazi ya kuchagua, naye kaikwepa akawagawia watu kumi na watatu waifanye.

Kuchagua ndiko kunakoumiza kichwa. Umepiga mara thelathini pale bandarini, zote unazipenda, na kila moja ina sababu yake: hii ngalawa imekaa vizuri, hii mawingu ni mazuri, hii yule mzee ametabasamu. Ukilazimishwa kubaki na moja, ndipo unajua ulikuwa unataka nini pale bandarini. Mtu asiyepita kwenye hatua hiyo anaweza kupiga picha kwa miaka na asisogee.

Huko Uingereza wapenzi wa picha wana desturi ya zamani ambayo naipenda sana, na baadhi yao bado wanaiendeleza. Kikundi cha watu wanaoishi miji tofauti wana kasha linalozunguka kwa posta. Kila mmoja anaweka ndani picha moja iliyochapishwa, pamoja na karatasi ya maoni. Kasha likifika kwako unazitazama picha za wenzako, unaandika ulichokiona kwenye kila moja, unatoa ile yako ya mzunguko uliopita pamoja na yote iliyoandikiwa, unaweka mpya, unalipeleka posta liende kwa anayefuata. Wapo waliofahamiana hivyo miaka mingi bila kuonana uso kwa uso. Picha ni moja kwa sababu kasha lina uzito na posta ina bei. Intaneti imeiondoa ile bei, na sababu ya kuchagua ikaondoka nayo. Nyinyi itabidi muirudishe wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kila mtu picha moja kwa wiki. Ziwekwe Ijumaa, mazungumzo yaende hadi Jumapili usiku. Nimesema Ijumaa kwa ajili ya huyo wa Muscat, kwani Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, na mkianza Jumamosi jioni kama ilivyo kawaida ya huku, yeye kesho yake anarudi kazini. Watu kumi na wanne, picha kumi na nne, siku tatu. Inawezekana hata kwa bodaboda, anazitazama akiwa kijiweni anasubiri abiria.

Kila picha iende na sentensi moja ya mwenyewe, na isiwe "mnaonaje?" Swali la namna hiyo linajibiwa "safi". Andika ulichokuwa unakitafuta: "Nilitaka lile joto la jikoni lionekane, mnaliona?" au "Nimeshindwa kuchagua kati ya kumweka bibi katikati au pembeni." Hapo umempa mwenzako mlango wa kuingilia. Hata asiyejua chochote kuhusu kamera anajua kama joto analiona au halioni.

Utaratibu huu ni wa picha ambazo mtu anataka kujifunza kwazo. Kuna picha nyingine, za kumbukumbu: mtoto kamaliza darasa la saba, harusi ya dada, babu yuko hospitali anaendelea vizuri. Hizo hazikosolewi hata kidogo. Mtu akileta picha ya mwanawe wa siku tatu, unamwambia hongera na unamwombea mtoto, hata kama kichwa kimekatwa nusu. Ugomvi mwingi wa magrupu nimeuona ukianzia hapo, mmoja ameleta kumbukumbu, mwingine akaipokea kama zoezi la darasani. Wekeni alama. Anayetaka kukosolewa aandike "naomba maoni". Asipoandika, furahini naye, yaishie hapo. Na hizo kumbukumbu zikizidi, zina nafasi nzuri kwenye stetasi.

Kitu kimoja msifanye: msiweke sheria ya kulazimisha maoni, kwamba kila anayeleta picha lazima atoe maoni kwa wawili au watatu. Limejaribiwa. Flickr, mtandao wa picha ulioanza mwaka 2004, ulikuwa na vikundi chungu nzima vyenye sharti hilo hilo, weka moja toa maoni mbili, na vingine vilitaka utoe "tuzo". Watu walifanya nini? Wakatengeneza vibandiko vya kunakili, vyenye nyota na maua, wakawa wanavibandika chini ya picha bila hata kuitazama. Sharti limetimizwa, picha haijaonwa. Heri ukimya kuliko vile vibandiko.

Sasa namna ya kuandika maoni yenyewe, kwa sababu watu wengi hawaandiki kwa kutojua waanzie wapi, wala si kwa roho mbaya. Darasani kwangu naanza na vitu viwili ambavyo havihitaji utaalamu. Jicho langu lilianzia wapi? Kisha likaenda wapi, na likakwama wapi? Majibu yake hayamhukumu mtu. Wewe ndiye mwenye jicho, hakuna anayeweza kukubishia kwamba halikwenda kule.

Tuseme mwenzenu kaleta picha ya mama anayekaanga mihogo kituo cha daladala, saa ya magharibi. Mmoja anaandika, "Kali sana kaka, moto!" Inapendeza kuipokea, ila mpiga picha akiamka kesho hana cha kufanya nayo. Wa pili anaandika, "Bango limepinda, kata upande wa kushoto." Pengine ni kweli, lakini ni amri, na ametoa dawa kabla hajaeleza ugonjwa. Wa tatu anaandika hivi: "Nimeanza na moshi, ukanipeleka kwenye mkono wake unaogeuza mihogo, nikakaa hapo. Uso nimechelewa kuuona, lile bango jeupe la vocha nyuma yake linanivuta kila nikitaka kumtazama. Ulitaka tuone uso au mkono?"

Angalia alivyofanya huyo wa tatu. Hakuna neno la sifa pale, lakini kusema "nikakaa hapo" ni sifa tosha, na mpiga picha ataielewa. Kasoro ameitaja kama jambo lililompata yeye mtazamaji. Kamalizia kwa swali la kweli, kwa sababu kama mwenyewe alitaka mkono, basi uso kuchelewa kuonekana si tatizo kabisa, tatizo ni bango peke yake. Wengi wetu tunakosoa picha ambayo tungeipiga sisi, tunasahau iliyopigwa.

Na sifa mzitoe, msije mkadhani nazipiga vita. Sifa inayofaa ni ile inayomwambia mtu kitu gani akirudie. "Nimependa ulivyosubiri mpaka mtoto akafika kwenye mwanga wa mlango" inamfundisha kusubiri. "Safi sana" haimfundishi kitu, ingawa ikitoka kwa mama yake ni tamu.

Kuna mambo mawili ya ufundi ambayo yatajitokeza sana kwenye grupu la watu wa pwani, bora mjue namna ya kuyasema. La kwanza ni uso kuwa giza. Simu inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Mtu akiwa amevaa kanzu nyeupe, au amesimama mbele ya ukuta wa chokaa au mchanga wa ufukweni mchana, simu inaona mwanga ni mwingi mno, inapunguza, na anayelipa ni uso, hasa uso mweusi kama wangu. Ukimwambia mtu "amekuwa mweusi sana" umeshaharibu, anaweza kusikia kitu kingine. Sema "kanzu imekula mwanga wa uso". Dawa yake ni kugusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, kisha kuvuta kialama cha jua kidogo juu. Kanzu itapoteza mikunjo kidogo. Mimi nachagua uso kila mara. Ile programu ya urembo iliyokuja na simu, inayolainisha ngozi na kuing'arisha, izimeni. Imewafanya dada zetu wote wafanane, na sijawahi kukutana na picha iliyookolewa nayo.

La pili ni saa. Tanga iko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linasimama karibu juu ya utosi, na kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni macho ya mtu yanaingia kivulini chini ya paji. Halafu jua likizama linazama kweli. Mwanga laini unaobaki baada ya machweo huku kwetu ni dakika ishirini na kitu, wakati London mwezi Juni hufika dakika 45 na zaidi. Hivyo mashauri mengi ya kwenye video za Ulaya, kwamba usubiri jua lizame ndipo utembee taratibu ukitafuta picha, kwetu yanakuacha gizani. Chagua mahali pako mapema, simama, ngoja.

Hapo nimefika kwa mjomba wako. Huwezi kumkosoa mjomba mbele ya rafiki zako, na sitakuambia ujaribu. Lakini mkubwa anaulizwa. Mwandikie yeye peke yake, faragha: "Mjomba shikamoo. Ile ya Jumanne yenye mtumbwi chini kushoto naiona kila mara nikifungua simu. Ulikuwa umesimama wapi?" Umechagua moja kati ya machweo yake mengi, ukamwambia ipi na kwa nini. Atakueleza kwa furaha, na wiki ijayo utaona mtumbwi mwingine, au mtu, au mti. Mzee anayeweka machweo kila siku mara nyingi anaomba mtu wa kuzungumza naye, na picha ndiyo hodi aliyopata. Huo utaratibu wa moja kwa wiki nao autangaze yeye. Mwombeni awe msimamizi wa Ijumaa, atangaze mzunguko umefunguliwa. Atakuwa wa kwanza kuufuata.

Kwa aliyejitoa, usimtumie ujumbe. Mpigie simu, au ukiweza nenda kwake, na ungeenda na yule aliyemtania ingekuwa vizuri zaidi. Maandishi hayana sauti. Utani ambao barazani ungeishia kwa kupigana mkono, kwenye skrini unabaki pale siku nzima, kila mtu anaongeza kicheko chake, na mwenyewe anarudi kuusoma. Na aliyetania anaposema "nilikuwa natania tu" asiishie hapo, aitazame ile picha kwa jicho lile nililolieleza na amwambie alichokiona. Kama mstari wa bahari ulikuwa umepinda, ulikuwa umepinda, unanyooka kwa kugusa mara moja kwenye sehemu ya kuhariri. Huenda kwenye picha hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekiona kwa sababu ya kucheka.

Kufifia kwa picha. WhatsApp inapunguza kila picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, upande mrefu unashuka hadi kama pikseli 1,600, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa 3,000. Ikishuka hadi 1,600 kwa 1,200 umebaki na chini ya sehemu moja ya sita ya ulichopiga, na juu ya hapo inabanwa ili faili liwe dogo, ndiyo maana majani na mchanga vinakuwa kama vimepakwa. Tangu Agosti 2023 kuna alama ya HD juu ya picha kabla hujatuma. Iguse, itabana kidogo tu. Ukitaka ifike kama ilivyotoka kwenye kamera, itume kama dokumenti. Lakini dokumenti inabeba na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, na kama simu yako inahifadhi mahali ulipopigia, wenzako wanaweza kusoma mpaka mtaa. Picha za nyumbani usizitume hivyo kwa watu usiowaamini. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, taarifa hizo huondolewa.

Baada ya kusema hayo, nadhani faili si tatizo lenu kubwa. Skrini ya simu inaonyesha vizuri picha ya pikseli 1,600, na hata kuisafisha kwa saizi ya sentimita 10 kwa 15 inatosha. Mtakwama mkitaka A4, ambayo kwa uchapishaji mzuri inahitaji kama 2,480 kwa 3,508. Mkosaji mara nyingi ni skrini. Yako huenda ni ya aina inayokoleza rangi, umeiwasha mwanga wote, umeketi kivulini. Mwenzako ana simu ya bei nafuu, kapunguza mwanga kuokoa chaji, na yuko juani. Hakuna HD inayotibu hilo. Kabla hujatuma, shusha mwanga wa skrini yako hadi nusu uitazame tena. Kama picha bado inasema, tuma.

Na watu mnaowapiga. Mkiwa kumi na wanne mnaonyeshana picha, hayo ni mambo ya binafsi, sheria haiwafuati huko. Tatizo linaanza picha inapotoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jirani zetu Kenya wana yao ya 2019, na wameshaonyesha meno: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa biashara, lakini yule mama wa mihogo naye ana haki ya kuulizwa. Muulize, mwonyeshe picha, na akikataa ifute mbele yake.

Juu ya sheria ya serikali kuna ya nyumbani, ambayo huku pwani ni kali zaidi. Picha za shughuli za wanawake, dada zetu wakiwa wamefunua vichwa na kufurahi wenyewe kwa wenyewe, hazitoki kwenye simu ya aliyepiga, hata kwa mume. Wekeni kanuni moja grupuni: picha ya mtu haihamishwi, haipigwi skrinishoti, haiwekwi stetasi, mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Anayevunja anaondolewa siku hiyo hiyo, awe nani.

Instagram, kwa sasa hapana. Mkifungua ukurasa leo mtaanza kupiga picha za kuwafurahisha watu msiowajua, na zile picha za majaribio, zenye makosa yanayofundisha, zitakosa pa kwenda. Idadi ya "likes" unaweza kuificha, mtandao wenyewe uliruhusu hivyo mwaka 2021, lakini mwenye ukurasa bado anaiona, na nyinyi ndio wenye ukurasa. Endeleeni na mizunguko yenu ya Ijumaa miezi kadhaa. Mkiona mna picha ambazo mnazirudia wenyewe bila kuombwa, fungueni. Siku hiyo kila picha iandikwe jina la aliyepiga, kila anayeonekana awe ameridhia, na nywila iwe kwa watu wawili wanaoelewana, mmoja wao asiwe mwepesi wa hasira. Nimeshaona ukurasa wa marafiki ukiondoka na mtu mmoja aliyenuna.